Hancock (2008): wazo tamu, nusu ya pili imeenda wapi? Tuichambue sini kwa sini

Kalamu Nyekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila ikiletwa mada ya muvi za supahiro zilizoanza vizuri zikaishia mtaroni, Hancock haikosi kutajwa, halafu uzi unaishia kwenye "ile iliharibika katikati". Sawa, iliharibika. Iliharibika sini gani, kwa sababu gani, na fundi angeitengenezaje? Hayo ndiyo tuyafanye hapa. Spoila zimejaa kila mstari, ambaye hajaiona apite tu.

Vipimo kwanza. Ilitoka Marekani tarehe 2 Julai 2008. Mwongozaji ni Peter Berg, stelingi ni Will Smith, wenzake wakubwa Charlize Theron na Jason Bateman. Bajeti dola milioni 150 hivi, mapato ya dunia nzima yakapita milioni 620. Toleo la sinema lina dakika 92. Haijatoka kwenye komiki yoyote, ni skripti ya kubuniwa. Vy Vincent Ngo aliiandika mwaka 1996 ikiitwa Tonight, He Comes, ikahangaika kwenye ofisi za Hollywood zaidi ya miaka kumi, na njiani Vince Gilligan (ndiyo, yuleyule wa tamthilia ya Breaking Bad) akaiandika upya. Majina ya hao wawili ndiyo yaliyobaki kwenye filamu.

Wazo lenyewe: jamaa ana nguvu zote, anaruka, risasi hazimwingii, lakini ni mlevi, anazurura vichochoroni, analala kwenye benchi, na kila akiokoa mtu anaacha hasara kubwa kuliko ambayo mwizi angeleta. Wananchi wa Los Angeles hawampendi, na wana haki. Hili ni wazo la dhahabu kwa sababu linageuza swali. Muvi nyingi za aina hii zinauliza "je, ataweza?" Hii inauliza "tunamtaka?"

Angalieni jinsi nusu ya kwanza inavyofanya kazi, maana hapa waandishi walijua wanachofanya. Kila sini inatoa tatizo moja na bei yake:

Barabara kuu: anafukuza majambazi akiwa na chupa mkononi, anavunja alama za barabarani, anawaacha na gari lao juu ya mnara wa jengo la Capitol Records. Hasara ya mamilioni, inatangazwa kwenye taarifa ya habari.

Reli: Ray (Bateman) gari lake limekwama kwenye makutano na treni ya mizigo inakuja. Hancock angeweza kuinua gari moja likapita juu. Badala yake analitupa pembeni, anasimama mbele ya treni, behewa zote zinapanda migongoni mwa wenzao. Mama mmoja pale pale anamuuliza kwa nini hakupaa nalo tu. Swali la mama yule ndilo muvi nzima.

Halafu anaingia Ray na mpango wake. Ray ni mtu wa kusafisha sura za makampuni, na dawa anayompa Hancock ina hatua: kubali kosa hadharani, ingia gerezani kwa hiari, subiri uhalifu uongezeke mpaka polisi wenyewe wakuite, nyoa ndevu, vaa suti, tua taratibu bila kupasua lami, waambie polisi "kazi nzuri". Hatua saba, na kila moja unaiona ikijaribiwa, ikishindikana, ikijaribiwa tena.

Malipo ni sini ya benki. Askari wa kike amenaswa nyuma ya gari, risasi zinanyesha. Hancock anatua vizuri, anamwambia "kazi nzuri", halafu, kabla ya kumbeba, anaomba ruhusa ya kumshika, na anajikanyaga akifafanua kwamba hana nia mbaya. Yule dada anapiga kelele aondolewe pale. Unacheka, lakini unaona kabisa kwamba mtu huyu amebadilika. Hakuna hotuba, ni kitendo kimoja tu.

Na hapo ndipo shida inapoanza. Benki imeisha, watu wanapiga makofi, swali "tunamtaka?" limejibiwa: ndiyo. Saa moja haijatimia. Mwandishi amebakiwa na zaidi ya dakika thelathini na hana swali mkononi. Anafungua jipya: Mary, mke wa Ray, naye ana nguvu, alikuwa mke wa Hancock, wana miaka elfu tatu, viumbe wao waliumbwa wawili wawili, wakikaribiana wanageuka binadamu wa kawaida.

Watu wengi hulaumu siri ya Mary. Mimi siilaumu. Ninalosema ni kwamba swali la kwanza lilifungwa mapema mno na la pili halikuunganishwa nalo. Ni muvi mbili zilizoshonwa kwenye ukuta wa jiko pale Mary anapomrusha Hancock nje.

Karibuni.

---

Mzee wa Trela

Mkuu, milioni 620 halafu unaiita imeharibika? Laiti wote wangeharibikiwa hivyo.

---

Kalamu Nyekundu

Mzee wangu, pesa inakuambia trela ilifanya kazi na Will Smith wa 2008 alikuwa anajaza ukumbi peke yake. Watu walilipa kuona mlevi anayeruka, na hicho walikipata nusu ya kwanza. Mwendelezo umezungumzwa tangu mwaka ule na mpaka leo haujatengenezwa. Nusu ya pili haijaacha mlango wa kuingilia.

---

Binti Projekta

Nakubaliana na mada ila naomba niongeze kosa ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: sheria ya nguvu zao haijapimwa.

Muvi yenye nguvu za ajabu inakuomba uamini jambo moja la uongo. Baada ya hapo hilo jambo lazima liwe na vipimo: linaanza lini, kwa umbali gani, linachukua muda gani, linaondokaje. Hapa sheria ni "tukiwa karibu tunadhoofika". Haya, twende na rula:

Hancock anakula chakula cha jioni kwa Ray, meza moja na Mary. Haumii popote. Anaendelea na kazi yake kama kawaida.

Anaenda nao mgahawani, wanakaa saa nzima. Bado mzima.

Wanapigana na Mary mpaka Hollywood Boulevard, wameshikana mwili kwa mwili, wanabomoa mji. Hapa ndipo wangetakiwa wawe dhaifu kuliko popote, ila ndipo wana nguvu kuliko popote.

Halafu anaingia kwenye duka la pombe kuzuia wizi, Mary hayupo dukani, na risasi zinamwingia.

Hospitalini, anapotaka Mary apone, anaruka dirishani na anaanza kupata nguvu hatua chache tu kutoka pale.

Kwa hiyo udhaifu unaingia polepole kwa siku kadhaa, hata ukiwa mbali, lakini unatoka ndani ya dakika moja? Inawezekana kabisa kuandika sheria ya aina hiyo, mfano kwamba mwili unakusanya ukaribu kidogo kidogo. Lakini lazima mtazamaji aonyeshwe. Hapa hakuonyeshwa, akaambiwa na Mary akiwa amesimama pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Mtazamaji anapoambiwa sheria na kuvunjiwa ndani ya dakika ishirini zilezile, haogopi tena. Hajui nini kinaweza kumuua nani.

Na ile dhoruba wakati wa ugomvi wao? Upepo, radi, vimbunga katikati ya barabara. Imetokea wapi? Ni nguvu za Mary, au ni za wawili wakigusana? Haijaulizwa na wala haijatumika tena. Bajeti imepita hapo ikaaga.

---

Msafiri wa Ferry

Binti umemaliza. Hiyo ya duka la pombe siku zote ilikuwa inanisumbua na nilikuwa sijui kwa nini.

---

Sini Moja

Mnamsahau adui. Red Parker (Eddie Marsan, mwigizaji mzuri sana aliyepewa mkate mkavu) anaonekana mara ya kwanza kwenye benki. Yaani muvi imekaribia nusu ndipo adui anaingia. Anakatwa mkono ulioshika kitufe cha mabomu, anafungwa, anapotea. Anarudi mwishoni na kifaa cha chuma badala ya mkono, pamoja na wale wafungwa wawili ambao Hancock aliwadhalilisha gerezani (aliyeiona anajua kichwa cha nani kiliingia wapi).

Haki itendeke: wale wawili wamepandwa vizuri. Tumeona kosa walilofanyiwa, tumecheka, na baadaye kicheko kile kinarudi na shoti. Hiyo ni kazi safi. Lakini Red mwenyewe hana uhusiano na swali lolote. Hajui siri ya Mary. Anafika hospitali siku ambayo Hancock ni dhaifu kwa bahati tu! Kwenye skripti kuna kanuni ya zamani: bahati ikimtia stelingi matatani unavumiliwa, ikimtoa hauvumiliwi. Hapa inamtia matatani, kwa hiyo kisheria wamepona. Ila ni kilele cha filamu, na kilele kilichojengwa juu ya bahati kinapwaya hata kama hakijavunja kanuni.

Anayemmaliza Red ni Ray, kwa shoka la zimamoto. Nilitamani hilo liwe na uzito: mtu wa maneno matupu, mtu wa nembo na mabango, analazimika kushika chuma. Lakini kwa dakika ishirini kabla ya hapo Ray amekuwa mtu wa kuduwaa tu. Amegundua mkewe ni kiumbe wa miaka elfu tatu aliyekuwa mke wa rafiki yake. Amepewa muda gani wa kukasirika? Mazungumzo mafupi basi.

---

Mzee wa Trela

Kwa hiyo tatizo ni muda? Wangeongeza nusu saa?

---

Sini Moja

Sio dakika. Dakika 92 zinatosha kabisa kwa hadithi moja. Hazitoshi kwa mbili.

---

Jicho la Tatu

Naongeza historia kidogo maana inaeleza mshono ulikotoka.

Rasimu ya kwanza ya Ngo ilikuwa inahusu mtoto wa miaka 12 mwenye matatizo na supahiro aliyeanguka. Ilikuwa kitu cha giza, cha watu wazima. Tony Scott aliitamani, baadaye Michael Mann, Jonathan Mostow na Gabriele Muccino wote waliwahi kutajwa kwenye kiti cha mwongozaji kabla ya kumfikia Peter Berg. Mann alibaki kama mmoja wa watayarishaji, na kwenye filamu anaonekana kidogo akiwa mmoja wa mabosi wanaomsikiliza Ray akijieleza. Akiva Goldsman, naye mtayarishaji, yumo sini hiyohiyo.

Skripti ikipita mikono mingi namna hiyo, kila mkono unaacha kitu. Mmoja alipenda ucheshi, mwingine maombolezo, mwingine mapenzi ya kale. Mkitaka kuona mtoto wa rasimu ya kwanza alikobaki, ni Aaron, mtoto wa Ray. Yupo, anampenda Hancock, anaonewa na jirani yake Michel, Hancock anamrusha Michel angani na kumdaka. Baada ya hapo Aaron hana kazi yoyote ya maana. Alikuwa nguzo ya nyumba ya zamani, wakajenga nyumba mpya na nguzo wakaiacha sebuleni.

Jambo la pili ni daraja la umri. Bodi ya Marekani iliipa daraja la watu wazima mara mbili kabla ya kukatwa mpaka ikapata daraja la miaka 13. Kwa muvi ya milioni 150 inayotoka wiki ya sikukuu ya uhuru wao, daraja hilo ni lazima, studio haiwezi kufunga mlango kwa vijana. Lakini matokeo yake ni kwamba ulevi na hasira vinabaki kama utani. Hatumwoni akizama kweli. Usipomwona mtu akizama, akiibuka hushangilii kwa nguvu.

---

Fundi Kamera

Pia kamera. Berg na mpiga picha wake Tobias Schliessler wanatumia kamera ya mkononi, karibu na nyuso, inatikisika kama habari za mtaani. Nusu ya kwanza inafaa sana: unamwona mtu mwenye nguvu za kimungu kwa jicho la jirani aliyeudhika. Inapofika hadithi ya miaka elfu tatu, kamera ileile inatikisika ileile, na maneno ya Mary kuhusu miungu na malaika yanasikika kama mtu anayetunga palepale. Picha inasema mtaa, maneno yanasema Biblia.

---

Binti Projekta

Sasa tumseme Mary, maana naona wanaume wa uzi huu mnampita.

Theron nusu ya kwanza anaigiza kitu kizuri ambacho ukirudia kuitazama ndipo unakiona. Kila Hancock anapoingia nyumbani, macho yake hayakai sawa. Unafikiri ni mke anayehofia mlevi ndani ya nyumba yenye mtoto. Ukirudia unaona ni mtu anayehesabu hatari nyingine kabisa. Nusu ya kwanza ina siri ndani ya uso wake, bila neno.

Baada ya ukuta wa jiko anageuzwa kitabu cha maelezo. Anaeleza sisi ni nani, wengine walikwenda wapi, kovu hili la mwaka gani, lile la wapi. Kisha anapigwa risasi na kuwa mgonjwa wa kuokolewa. Alisema mwenyewe ana nguvu kuliko Hancock! Mwenye nguvu kuliko wote kwenye hadithi analala kitandani, uamuzi wote unafanywa na mwanamume anayetambaa kuelekea dirishani.

Na swali ambalo hakuna sini inalijibu: kama anajua sheria, kama alimwacha Hancock kule Miami ili wote wawe salama, kwa nini anaishi Los Angeles, mji ambao jamaa anaonyeshwa kwenye televisheni kila siku? Marekani ni kubwa. Angekuwa Alaska tungeelewa.

---

Msafiri wa Ferry

Labda alikuwa bado anampenda, akataka kumwona kwa mbali?

---

Binti Projekta

Hiyo ingekuwa sababu nzuri kuliko chochote kilichomo. Sentensi moja tu. Haimo.

---

Kibanda Umiza

Hapa ndipo watafsiri wetu wa vibandani wanapoitwa. Yule wa kipaza sauti angemwambia mtu sababu ya Mary kukaa L.A. na ungeamini, hata kama kaitunga hapohapo.

---

Kalamu Nyekundu

Kibanda, wale ni waandishi wa rasimu ya mwisho, mimi nawaheshimu.

Haya, tuje kwenye ukarabati. Kabla ya hapo kuna kitu kimoja ambacho nataka mkitazame kwa karibu, kwa sababu kinaonyesha kwamba vifaa vyote vya kutengenezea vilikuwa tayari mezani.

Mgahawani, usiku ule wa kusherehekea, Hancock anasimulia alivyozinduka hospitalini Miami miaka themanini iliyopita, hajui jina lake. Mfukoni alikuwa na vitu viwili: bazoka (chingamu) na tiketi za sinema, Frankenstein ya Boris Karloff. Tiketi mbili. Hakuna aliyekuja kumuulizia, na anajiuliza alikuwa mtu mbaya kiasi gani mpaka asipatikane hata mmoja wa kumchukua. Machozi yanamlenga Mary.

(Kwa wapenda hesabu: Frankenstein ilitoka 1931, kwa hiyo "themanini" ni ya kuzungushia. Tuwasamehe.)

Ile tiketi ya pili ni ya nani? Swali hilo ni bora kuliko kila kitu kilichofuata. Linafunga ulevi wake na upweke wake pamoja: ana tabia mbaya kwa sababu anaamini alitupwa. Sasa tatizo: sini hii inakuja muda mfupi tu kabla ya Hancock kumbusu Mary jikoni na siri kufumuka. Wamepanda mbegu na kuvuna jioni ileile. Hakuna aliyepata nafasi ya kujiuliza.

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Nikipewa kurasa 105, napanga hivi:

Ukurasa wa 1 hadi 12: barabara kuu na nyumba yake ya trela. Ndani ya trela tuone tiketi mbili za zamani, amezihifadhi kuliko chochote. Hakuna maelezo.

Wa 13 hadi 25: treni, Ray, chakula kwa Ray. Glasi inapasuka, kidole cha Hancock kinatoka tone la damu. Yeye mwenyewe amelewa, haoni. Mary anaona, anaifuta meza haraka. Mtazamaji atadhani ni usafi.

Wa 26 hadi 45: gerezani. Ndevu anazitoa huko kwenye muvi, basi tumia hilo: yuko mbali na Mary, kiwembe kinavunjika shavuni. Na Red aingie hapa, akiwa mtu aliyepoteza kitu halisi kwenye ile ajali ya treni. Hapo adui anazaliwa na tabia mbaya ya stelingi, na lile swali "tunamtaka?" linapata mtu wa kusema hapana.

Wa 46 hadi 58: anatoka, kazi ndogondogo, umaarufu unaanza, anakaribishwa kwa Ray mara kwa mara. Asubuhi moja ananyoa, kiwembe kinamkata. Anaiangalia damu. Hapa ndipo mgahawa na tiketi, na hapa Mary anamwambia ukweli, Ray hajui.

Wa 59 hadi 74: benki. Niliisogeza makusudi. Anaingia akijua anaweza kufa. Anatua taratibu si kwa adabu pekee, magoti yanauma. "Naomba ruhusa nikubebe" inabaki vilevile, ila sasa mgongo wake ndio ngao na ngao inapitisha risasi. Maswali mawili yanajibiwa kwa kitendo kimoja.

Zinazobaki: Los Angeles nzima imempenda, kwa mara ya kwanza ana watu, na sasa ndipo anatakiwa kuhama ili Mary aishi. Muvi ya kweli inaishia akiwa New York, hilo wanalo tayari! Walichokosa ni kuifanya safari ile iwe na bei. Alitumia muvi nzima kupendwa na mji mmoja, anauacha, na hakuna anayelisema.

---

Sini Moja

Naunga mkono ila nina kasoro mbili. Kwanza, kidole chako cha ukurasa wa 20 kinaharibu rula ya Binti: mara ya kwanza tu mezani na tayari anatoka damu? Basi treni alipaswa kuisimamisha akiwa na Mary mbali, na ikae wazi kwamba saa moja ya ukaribu inatosha kuanza. Ukishaweka hivyo, ugomvi wa Hollywood Boulevard hauwezekani tena. Utaikata sini ya gharama kuliko zote, ambayo ipo kwenye trela?

Pili, ukimpa Red sababu ya haki, utani unapungua. Mtazamaji wa Julai hataki kumwonea huruma mtu anayefunga mateka mabomu.

---

Kalamu Nyekundu

La pili nakubali, Red apewe sababu ila njia yake iwe ya kikatili mapema.

La kwanza: naikata bila kutetemeka, au naigeuza. Ugomvi uanze wakiwa na nguvu zote, na kila pigo liwe dogo kuliko lililotangulia. Wanaanza kwa kurushiana magari, wanamaliza wakisukumana kama watu wa kawaida, wanahema, wametoka damu puani, na Ray anawaona kutoka dirishani kwenye kikao chake. Unapata trela yako, na sheria inaonyeshwa bila mtu kufungua mdomo. Kimbunga hukihitaji.

---

Binti Projekta

Hiyo ya mapigo yanayopungua nimeikubali. Na Mary aamue yeye kuondoka au kubaki, asiamuliwe.

---

Jicho la Tatu

Wanaosema hakuna mbaya kuliko hii: Fantastic Four ya 2015, mwongozaji Josh Trank. Kule nako nusu ya kwanza ina wazo, vijana wanapata miili ambayo inawatisha wenyewe. Jamie Bell anazinduka ni mawe, analia anaomba msaada. Halafu maandishi yanatokea kwenye skrini, mwaka mmoja baadaye, na kila kitu tulichotaka kuona kimetokea tukiwa hatupo. Baada ya hapo mnaweza kutambua sini zilizopigwa upya kwa kuangalia nywele za Kate Mara, wigi halifanani na nywele zake za awali. Trank mwenyewe aliandika mtandaoni wakati wa kutoka kwake kwamba mwaka mmoja nyuma alikuwa na toleo zuri ambalo watazamaji hawataliona.

Tofauti ni kwamba ile ilivunjika wakati wa kupiga picha na kuhariri. Hancock ilivunjika kwenye karatasi. Ndiyo maana Hancock bado inatazamika: waigizaji hawajachoka, uhariri umekaa sawa, hadithi pekee ndiyo imepinda.

---

Mzee wa Trela

Nimekaa kimya nasoma. Swali la mwisho wakuu: kuna toleo refu kwenye DVD, dakika 102. Lile linatibu chochote?

---

Fundi Kamera

Halitibu, mzee. Nyongeza inayoonekana zaidi ni sini ya Hancock na binti shabiki yake ndani ya nyumba yake ya trela, na hiyo ipo nusu ya kwanza, ambayo haikuwa na ugonjwa. Inamfanya awe mchafu zaidi kidogo, karibu na rasimu ya zamani. Sheria ya ukaribu iko vilevile, Red anaingia palepale, Mary hasemi kwa nini yuko Los Angeles. Ukiwa na watoto sebuleni weka la dakika 92. Ukiwa peke yako weka la 102, na ukifika mgahawani mwangalie Theron, usimwangalie Smith.